Barua ya wazi kutoka Mbeya: Nani alisema oili ya gia boksi ni ya maisha?

Kwa: Wizara ya Uchukuzi, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Tume ya Ushindani (FCC), Kikosi cha Usalama Barabarani.

Nakala: Wakuu wa vyuo vya VETA Nyanda za Juu Kusini, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), waagizaji na wauzaji wa magari.

YAH: MADAI YA "HAIBADILISHWI" NA USALAMA WA MAGARI YETU

Waheshimiwa,

Kuna sentensi ambayo wateja wananijia nayo gerejini siku hizi, na kila anayeileta anaileta kwa kujiamini kana kwamba kaisoma kwenye Katiba: "Fundi, gia boksi hii usiiguse, oili yake ni ya maisha." Ukimuuliza kaambiwa na nani, atakutajia aliyemuuzia gari, au video aliyoitazama kwenye simu, au shemeji yake wa Dar es Salaam. Wengine wanayo ya injini: oili ni sintetiki, kopo limeandikwa inakwenda kilomita 15,000, kwa hiyo tutaonana mwakani. Wengine ya rejeta: kulanti (maji ya kupozea injini) ya pinki haibadilishwi. Mafuta ya breki ndiyo hawayataji kabisa, maana hakuna tangazo lililowahi kuwakumbusha kwamba yapo.

Mimi ni fundi magari, nafanya kazi Mwanjelwa. Siwaandikii kuomba punguzo la kodi wala kiwanja cha gereji. Nawaandikia kwa sababu namba hizo zinazotembea midomoni mwa watu zina masharti yake, masharti hayo yameandikwa na watengenezaji wenyewe, na yanaachwa njiani kabla gari halijafika Tunduma, Mafinga au Makete. Ninyi ndio mnaoweza kuyafanya yafike.

Nianze kwa kumtendea haki mtengenezaji. Hadanganyi waziwazi, anapiga hesabu. Gari jipya linauzwa kwa ushindani, na kampuni inayonunua magari mengi kwa mpigo inauliza kwanza gharama za sevisi za miaka ya mwanzo. Kila sevisi inayofutwa kwenye ratiba inageuka kuwa sifa kwenye karatasi ya mauzo. Ndiyo maana Ulaya kuna kampuni zilizosogeza oili ya injini hadi km 30,000 au miaka 2. Dhamana ya kiwanda kwa magari mengi ni miaka 3 au km 100,000, na gia boksi isiyofunguliwa itavuka hapo bila kelele. Itakapoanza kupiga mateke kwenye km 180,000, mwenye gari wa kwanza ameshaliuza zamani na kusahau rangi yake. Aliyelishika sasa ni mwalimu wa Rujewa aliyekopa saccos.

Wapo ZF, Wajerumani wanaotengeneza gia boksi za otomatiki zinazofungwa kwenye BMW na magari mengine ya Ulaya. Wanaouza magari hayo wamezoea kusema oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe, walioichonga gia boksi, wanashauri oili ibadilishwe kati ya km 80,000 na 120,000, na isizidi miaka 8. Kati ya anayeuza gari na aliyetengeneza gia boksi, fundi wa Mwanjelwa amsikilize nani?

Lakini huku kwetu BMW si nyingi. Tunaendesha IST, Passo, Noah, Probox, Harrier na Hiace, mtumba wa Japani, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Mengi ya magari haya yanafika na kijitabu cha matengenezo ndani ya droo ya dashibodi, wakati mwingine kikiwa na mihuri ya gereji ya huko. Kimeandikwa Kijapani. Mwenye gari anakitupa, au anampa mtoto achoree. Kwenye kijitabu hicho, kwa injini nyingi za petroli za Toyota zisizo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), oili ya injini inatakiwa kubadilishwa kila km 15,000 au mwaka mmoja. Hiyo ndiyo namba iliyovuka bahari. Pembeni yake kuna safu ya pili, ya gari linalotumika katika mazingira magumu: km 7,500 au miezi 6. Kwa injini ya petroli yenye tabo ni km 5,000 au miezi 6, na katika mazingira magumu km 2,500 au miezi 3.

Na mazingira magumu hawakuyaacha hewani. Ni barabara mbovu ya vumbi na kokoto. Ni barabara ya milima, kupanda na kushuka, mguu uko kwenye breki kila mara. Ni safari fupi fupi zinazorudiwa. Ni injini kuunguruma muda mrefu gari limesimama. Kama asilimia 30 ya mwendo wako ni wa milima au wa barabara mbovu, wewe ni wa safu ya pili.

Isomeni orodha hiyo mkiwa mmesimama Uyole. Gari linashuka Iwambi asubuhi kwenda Mbalizi, linarudi likilia, linakaa kwenye foleni na vumbi la ujenzi wa njia nne, Jumamosi linapandishwa barabara ya Chunya hadi juu ya mita 2,000, msimu wa mpunga linaingia Usangu ambako vumbi linaingia hadi kwenye pochi. Iringa vilevile: mtu anayeishi Ipogolo na kufanya kazi mjini anapanda na kushuka mlima kila siku ya Mungu, na umbali wenyewe ni mfupi kiasi kwamba injini haijapata moto sawasawa ameshafika. Mjapani aliyeandika kijitabu hicho pengine hajawahi kusikia jina la Mbeya, lakini ameieleza kwa usahihi kuliko muuzaji aliyezaliwa Mbozi.

Ongezeni na umri. Serikali yenyewe inatoza ushuru wa uchakavu kwa gari lililopita miaka 8, maana yake inajua kinachoingia si kipya. Huko Japani gari hilo lilikuwa likipita ukaguzi wa lazima, wa kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na kwenye mzunguko huohuo ndipo mafuta ya breki hubadilishwa. Likishashuka melini, mzunguko unakatika. Kinachobaki ni neno la muuzaji na mita ya kilomita, na mita tunajua zinavyorudishwa nyuma. Ndiyo maana mimi humwambia mteja ahesabu miezi kabla hajahesabu kilomita. Kalenda hairudishwi.

Sasa niruhusuni nikae kwenye breki. Injini ikifa, anayelia ni mwenye gari na mkewe. Breki zikifeli wanalia mpaka watu waliokuwa wamekaa kibarazani.

Mafuta ya breki tunayotumia, ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Unapita kwenye mipira, unapita kwenye mfuniko, kidogo kidogo, hata gari likiwa limepaki. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. Kwa mtu wa Dodoma mjini, tofauti hiyo anaweza asiione mpaka anauza gari. Kwa Hiace ya Tukuyu kwenda Kyela ni habari nyingine.

Pigeni hesabu pamoja nami. Hiace yenye abiria, ndizi na viroba juu ina uzito wa tani 3 hivi. Kutoka Tukuyu hadi Kyela inashuka karibu mita 1,000 za wima. Nguvu ya mshuko huo ikigeuka joto lote, inatosha kuchemsha zaidi ya ndoo nne za lita 20 za maji ya baridi. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na upepo na injini, ikiwa dereva anashuka na gia nzito. Yule anayeweka frii, yaani gari halimo kwenye gia yoyote, ili aokoe mafuta, ambaye mnamjua na mimi namjua, ameiachia breki karibu kazi yote. Diski inaweza kupita nyuzi 300, na nyuma ya pedi, sentimita chache tu kutoka hapo, kuna yale mafuta yenye maji.

Yakichemka, yanatoa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Dereva anakanyaga, pedeli inazama hadi sakafuni, gari linaendelea na safari yake. Na kuna jambo ambalo wakaguzi wa ajali watanielewa haraka: mfumo ukipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedeli inakuwa ngumu tena. Dereva anasema breki zilifeli. Mkaguzi anafika baadaye, kama mabomba hayajakatika anakanyaga, anaikuta breki inashika, na dereva anaonekana mwongo. Wapo madereva waongo, sikatai. Lakini bila kuchukua sampuli ya mafuta hayo na kuyapima, hakuna wa kuwatofautisha.

Siku za karibuni ililetwa kwangu Noah inayobeba abiria njia ya Tukuyu. Kilichomleta dereva ni taa ya nyuma. Nilifungua kopo la mafuta ya breki kwa sababu ni mazoea yangu. Mafuta mapya ni meupe au ya manjano hafifu na unaona chini ya kopo. Haya yalikuwa meusi, chini kuna vumbi la mpira, na ukiyasugua kati ya vidole unasikia chembe. Nikachovya kalamu ya kupimia unyevu, kifaa kidogo chenye vitaa, kikawasha chekundu cha mwisho: asilimia 4 na zaidi. Dereva aliniuliza, "Kwani haya nayo huwa yanabadilishwa?" Gari analiendesha kila siku, leseni anayo, watu wanampa nauli na roho zao. Hakuwahi kuambiwa. Kazi yenyewe ni chupa moja ya DOT 4, msaidizi wa kukanyaga pedeli wakati natoa upepo, na pesa isiyofika bei ya tairi moja la mtumba.

Nitahadharishe hapa, mtu asije akachukua barua hii na kusema fundi wa Mbeya kadai kila ajali ni mafuta ya breki. Malori makubwa na mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Semi linaloporomoka Kitonga au Mlima Nyoka lina matatizo ya aina yake: uzito uliozidi, lainingi zilizopata moto, maji yaliyojaa kwenye mitungi ya upepo kwa sababu hakuna aliyeyamwaga. Hayo yanahitaji barua nyingine na mtu anayeyajua kuliko mimi. Mimi nazungumzia Noah, Hiace, Coaster, teksi, pikapu za mbao za Mufindi, na gari la familia linalorudi kutoka msibani likiwa na watu tisa.

Rejeta. Kulanti ya pinki ya Toyota, inayosifiwa kwa maisha marefu, Japani imepangiwa miaka 7 au km 160,000 kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo miaka 4 au km 80,000. Ni muda mrefu kweli. Lakini gari limefika hapa likiwa na miaka 10 au zaidi. Hesabu ya darasa la nne inatosha. Halafu Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mama yeyote aliyehamia kutoka Tanga anajua, maharage yalimwambia. Thermostati, yaani vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, kwa injini nyingi hufunguka kabisa kwenye nyuzi 95. Kwa hiyo aliyemwaga kulanti akajaza maji ya bomba, na mpira wa mfuniko wa rejeta umekufa hauwezi kushika presha, maji yake yanaanza kuchemka palepale injini inapotaka kufanya kazi. Gasketi ya silinda hedi inamsubiri Kitonga. Huku upande wa pili Kitulo, juu ya mita 2,600, na vijiji vya Makete na Njombe, Juni na Julai kunaganda barafu alfajiri. Maji matupu yakiganda ndani ya bloku yanatanuka na yanaipasua. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti na maji unazuia yote mawili.

Na hapa nitawasema mafundi wenzangu. Kuna tabia ya kutoa thermostati na kuitupa, eti gari lisichemshe. Ukifanya hivyo Njombe, injini haipati moto wake asilani. Petroli inaingia nyingi, nyingine inateleza hadi kwenye oili, unyevu haukauki. Fungua mfuniko wa oili wa gari kama hilo asubuhi, utakuta utando mzito wa rangi ya maziwa ya chai. Oili ya namna hiyo haijali kopo lake liliandikwa kilomita ngapi. Imekwisha.

Kwenye gia boksi sitakaa sana, ila CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, lazima niitaje, maana ndizo zimejaa kwenye Passo, Vitz na IST za karibuni na kwenye Nissan nyingi. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaoshikwa kwa msuguano, na msuguano huo unategemea oili yake maalumu. Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana ya kwao. Kumwagia haidroliki nyekundu ya kawaida ni kuiua. Nyingi hazina stiki ya kupimia. Zinapimwa kwa nati ya chini, gari likiwa usawa na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa. Kwa hiyo mteja anabanwa pande mbili: muuzaji kamwambia haifunguliwi, na mtaani kuna anayeifungua na kuweka kitu kingine. Kwa gia boksi iliyokimbia km 200,000 bila kuguswa, mimi mwenyewe sikimbilii mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo. Namwaga kinachotoka, naangalia chuma kwenye sumaku, nabadilisha filta kama ipo, najaza, mteja anatumia, tunarudia. Kama sumaku imejaa vipande badala ya unga, namwambia ukweli kwamba oili mpya haitaokoa kitu.

Wala sisemi turudi kwenye kumwaga oili kila km 3,000 kwa kila gari. Huo nao ni utapeli wake, wenye stika yake nzuri juu ya kioo. Oili nzuri ya sintetiki, ya daraja ambalo injini inataka, kwenye injini nzima, inafika km 7,000 hata huku kwetu bila wasiwasi. Anayeuza oili anataka umwage mapema. Anayeuza gari anataka usimwage kabisa. Mwananchi yuko katikati na hana karatasi ya kushika.

Kisha kuna feki. Kopo halisi lililotumika lina soko. Wapo wanaopita gerejini kununua makopo matupu, na hawayanunui kuwekea maji ya kunywa. Oili chafu inachujwa, inatiwa rangi, inarudi dukani na mfuniko mpya. Gerejini kwangu kopo likishamwagwa nalipasua kwa kisu mbele ya mteja. Ningefurahi iwe ni kanuni kwa gereji zote na siyo uungwana wa mtu mmoja mmoja.

Basi naomba haya.

TBS na Tume ya Ushindani, gari lolote la mtumba linalouzwa nchini liambatane na kadi ya matengenezo ya Kiswahili. Ukurasa mmoja unatosha: safu ya kawaida na safu ya mazingira magumu, aina ya oili ya injini, ya gia boksi, kulanti, mafuta ya breki, na tarehe ya mwisho kubadilishwa au neno "haijulikani". Taarifa watengenezaji wanazo, zitafsiriwe. Na anayetangaza kwamba kitu hakibadilishwi alazimike kusema ni kwa barabara ipi na kwa miaka mingapi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sioni upotoshaji ulio wazi kuliko kumuuzia mtu wa Makete ratiba ya mtu wa Nagoya, Japani, tena nusu yake.

LATRA, mfumo wenu wa VTS, wa kufuatilia mwendo wa mabasi, unajua basi lilikuwa spidi ngapi Igawa saa nane usiku. Ni kazi nzuri. Kwa magari madogo ya abiria ya njia za milimani, ongezeni kitu kimoja kwenye kuhuisha leseni: uthibitisho kwamba mafuta ya breki yamebadilishwa ndani ya miezi 12 iliyopita, kwa risiti na kipimo. Kwa njia za tambarare miezi 24 inatosha. Wamiliki watalalamika kwa wiki moja.

Kikosi cha Usalama Barabarani, ile kalamu ya kupimia unyevu inaingia mfukoni na jibu linatoka kwa sekunde chache. Iwekeni mikononi mwa wakaguzi kabla ya Kitonga, Uyole na njia ya Tukuyu, na itumike kwenye ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama pamoja na taa, matairi na mtungi wa kuzimia moto. Haina uhakika wa maabara, lakini inatosha kuamua gari lipi litazamwe zaidi. Na kwenye ajali ambayo dereva anadai breki zilifeli, sampuli ichukuliwe siku ileile.

VETA na MUST, mafundi wengi tuliopo tumefundishwa kwa macho gerejini, na magari yamebadilika. Tupeni kozi za jioni au za wikiendi, kwa ada inayolipika, za CVT na za usomaji wa madaraja ya oili. MUST ipo hapa Iyunga. Maabara inayoweza kupima oili chafu ya basi na kusema injini inakula wapi ingewafaa wasafirishaji wa Nyanda za Juu yote, na ingekuwa mwamuzi tunapobishana kuhusu feki.

Wizara, magari ya umma yawe mfano. Gari la wagonjwa linalokaa likiunguruma nje ya zahanati ya milimani na kukimbia usiku kwenye matope linaweza kuwa na kilomita chache na injini iliyochoka. Libadilishiwe oili kwa miezi na kwa saa za injini.

La mwisho linatuhusu sisi wenye gereji zaidi yenu. Tukibadilisha haya yote kwa wakati, oili chafu itaongezeka. Sasa hivi sehemu yake inauzwa ya kupaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa, nyingine inaishia kwenye mitaro inayoelekea Nzovwe, na nyingine inarudi kwenye makopo kama nilivyoeleza. Halmashauri ya Jiji ikituwekea matangi ya kukusanyia Mwanjelwa na Uyole, na mnunuzi mwenye kibali wa kuyachukua, mimi na majirani zangu tutayajaza kila wiki na kutia sahihi kila lita tuliyomwaga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi magari,
Mwanjelwa, Mbeya